Mkekani na Bibi Mwalimu: "Mwanangu anatunga uongo, nifanyeje?"

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi kuliko nafasi niliyopewa, nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu. Imenikaa moyoni tangu niisome, na mama aliyeiandika hakujificha.

*Shikamoo Bibi Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili. Mkubwa ana miaka saba, yuko darasa la pili. Anatunga uongo. Amewaambia wenzake kwamba baba yake ni nahodha wa meli, na kwamba nyumbani tuna kasa anayezungumza. Baba yake ni dereva wa lori. Anapeleka mizigo Lubumbashi na safari moja inaweza kumaliza mwezi. Mwalimu aliniita shuleni, nikaona aibu, nikarudi nikamchapa mtoto. Tangu siku hiyo hatungi tena. Anachora, lakini nikiingia anageuza karatasi au anaichana. Je, nimemharibu? Na nikimwacha aendelee, hatakuwa muongo mkubwa? — Mama Wawili, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Hujamharibu. Umefunga mlango tu, na ufunguo ungali mkononi mwako.

Tutenganishe mambo mawili kwanza. Mtoto akivunja kikombe akasema paka ndiye aliyekivunja, huyo anakimbia fimbo. Huo ni uongo na umrekebishe. Lakini mwanao hakukwepa kosa lolote. Ana baba asiyeonekana, amemtafutia kazi inayolingana na urefu wa safari zake. Nahodha! Fikiri alivyopima. Nani mwingine huondoka mwezi mzima, akavuka nchi, akarudi na harufu ya mbali? Na kasa, mnyama anayetembea na nyumba yake mgongoni, amemweka nyumbani ili awepo wa kuzungumza naye. Mimi nikiisoma barua yako simwoni muongo. Namwona mtoto anayemkosa baba yake, na anayejua kutunga.

Sisi tuna mahali pa kuweka utungaji wa namna hii, na tumekuwa napo muda mrefu. Nilipokuwa mdogo Pangani, bibi yangu hakuwahi kuanza hadithi kabla hatujaoga na kuketi. Mchana ilikuwa marufuku, tuliambiwa tutaota pembe. Usiku, nazi ya kesho ikiwa imekwisha kukunwa, alisema "Paukwa!" nasi tukajibu "Pakawa!" Kisha "Hadithi, hadithi!" nasi: "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Sikiliza hayo maneno, mwanangu, maana tumeyazoea mpaka hatuyasikii tena. Tunauita uwongo kwa jina lake. Tunaukaribisha mkekani kama mgeni. Aliyeketi pale anajua kinachofuata si habari ya mtaani, na hakuna atakayeumia kwa kudanganywa. Na bibi hakusimulia mpaka tuitikie. Akisema "Paukwa" tukazubaa, alirudi kwenye kazi zake.

Mwanao alisema paukwa katikati ya darasa, na hapakuwa na wa kumwitikia. Hilo ndilo lililotokea.

Nisikufiche, na mimi niliwahi kumfungia mtoto mlango hivyo, tena nikiwa na cheti cha ualimu. Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini, darasa la kwanza. Niliwaambia watoto wachore mama. Msichana mmoja akachora mama mwenye kichwa, gauni na miguu, hana mikono. Nikaweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: "Mtu ana mikono miwili." Alilia bila sauti. Wiki nzima nikamwona mama yake akija kumchukua, na siku ya Ijumaa ndipo nilipoona: mama alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, mikono yake yote miwili imekwenda nyuma kumshikilia. Ukimtazama kwa mbele, hana mikono. Mtoto yule alikuwa amechora sawasawa kile alichokiona kila siku saa sita mchana. Nilipomwomba msamaha, alinitazama tu. Hakunichorea kitu mpaka muhula uliofuata.

Tangu siku ile nikiletewa mchoro siulizi "Hii ni nini?" Swali hilo linamwambia mtoto kwamba hakikuonekana alichochora. Wala sisemi "Ni nzuri sana," kwa maana hapo mazungumzo yanakufa. Nasema, "Nisimulie." Halafu nanyamaza. Kunyamaza ndiko kazi ngumu, hasa kwetu sisi walimu na akina mama.

Sasa fanya hivi. Usimwite mtoto ukamhoji. Leo usiku, mkishakula, tandika mkeka. Umwombe msamaha kwa kumchapa, maneno machache, usijieleze. Kisha sema "Paukwa!" Asipojibu, mdogo wake atajibu, watoto wadogo hawawezi kujizuia. Uwasimulie ya kima na papa, hadithi ya pwani ambayo ilikuwa tayari imechapishwa katika mkusanyo wa hadithi za Unguja mwaka 1870, na ilikuwa ikisimuliwa kabla ya hapo. Kima yuko juu ya mkuyu unaoinamia bahari, anamrushia papa matunda. Papa anamwalika kwao, anampakia mgongoni. Wakifika katikati ya maji papa anamwambia: Sultani wetu ni mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima anasema: Ndugu yangu, ungeniambia mapema! Sisi kima tukisafiri moyo tunauacha nyumbani, mtini. Nirudishe nikauchukue. Papa akageuza. Kima akaruka mtini, na mpaka leo hajashuka.

Ukimaliza, usiwaulize "Hadithi hii inatufundisha nini?" Nakusihi. Swali hilo limewatoa watoto wengi mkekani. Uliza: "Wewe ukisafiri, moyo wako unauacha kwenye mti gani?" Uwape karatasi. Nimeuliza swali hili kwa watoto zaidi ya miaka ishirini, na sijapata michoro miwili inayofanana. Mmoja alitundika moyo wake kwenye antena ya televisheni ya jirani. Mwingine aliuweka ndani ya sufuria ya wali, akafunika. Mmoja alichora mti usio na kitu, akasema wa kwake anatembea nao kwa sababu hamwamini mtu. Huyo nilikaa naye karibu mwaka mzima.

Halafu kuna habari ya baba. Ana barabara ndefu na nzuri ajabu, na mwanao haijui. Gundisha karatasi kwa urefu, hata kama ni za nyuma ya kalenda ya mwaka jana, mpaka zienee ukuta mmoja. Anzeni Morogoro. Baba akipiga simu usiku, usimalize salio lote kwa mambo ya ada na kodi ya nyumba. Mpe mtoto simu amwulize: leo umeona nini? Mikumi, barabara inapita katikati ya hifadhi, kuna twiga na nyati. Ruaha Mbuyuni kuna mibuyu na vitunguu vimetundikwa kando ya njia. Kitonga, lori linapanda mlima likinguruma, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine korongo. Iringa baridi. Makambako, Mbeya, kisha Tunduma na foleni ya mpakani, ambako anaweza kulala siku kadhaa chini ya trela akipika ugali na utingo wake. Kisha Zambia yote, ndipo Kongo. Kila kituo mtoto akichore, pamoja na vile ambavyo havipo. Akitaka kumweka kasa amepanda juu ya kontena, apande. Akitaka Kitonga pawe na mawimbi, yawepo. Mwombe mumeo arekodi ujumbe wa sauti wa neno moja tu, "Pakawa!", mtoto awe anaufungua kila anapoanza kusimulia. Hautakula salio, na baba atakuwa ameketi mkekani.

Kuhusu mwalimu wake, nenda uzungumze naye kwa upole, ana watoto wengi kuliko anaoweza kuwasikiliza. Mwombe dakika tano za Ijumaa, kipindi cha mwisho, watoto wasimulie wakiwa wameanza na paukwa. Wewe nyumbani mfundishe mwanao tofauti kwa swali moja ambalo bibi yangu alilitumia: "Hii ni ya mkekani au ya mchana?" Akikwambia ni ya mchana, basi iwe kweli. Watoto wa miaka saba wanalielewa swali hilo mara ya kwanza.

Akiendelea kuchana, mwache achane, usiokote vipande. Lakini akiacha pia kula, kucheza au kulala, au ukiona anamwogopa mtu fulani, hilo si suala la michoro. Mpeleke kituo cha afya uzungumze na muuguzi au ustawi wa jamii, usingoje.

*Bibi, nikimsimulia binti yangu wa miaka mitano hadithi za zimwi anakataa kulala peke yake. Mama mkwe anasema niziache kabisa. — Baba Binti, Kigoma*

Usiziache, baba, ila zimalize. Nina wasiwasi unaishia pale zimwi lilipowameza watu, ukisinzia na wewe. Hadithi hizo zimetungwa ili kidole cha zimwi kikatwe na watu watoke wazima, na ng'ombe wao, na mbuzi wao, na kuku. Mtoto aliyelala kabla ya kidole kukatwa amelala tumboni mwa zimwi.

Kesho asubuhi, si usiku, mpe kalamu alichore. Mwulize linaogopa nini, linakula nini siku za mvua, mama yake linamwitaje. Mjukuu wangu wa kiume aliamua zimwi lake linaogopa mtetea mwenye vifaranga. Akachora na mtetea mlangoni. Wamemaliza ugomvi, zimwi sasa linaishi juu ya kabati na linaombewa chai. Wazee walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mtoto naye afahamiane nalo.

*Shikamoo Bibi. Binti yangu ana miaka tisa. Kila akijichora anatumia penseli ya waridi ambayo wao shuleni wanaiita "rangi ya mwili", na nywele ndefu za njano. Nimemwambia mara nyingi kwamba sisi ni weusi, tena nimemkasirikia. Ananiambia penseli nyeusi inaharibu uso, macho hayaonekani. — Baba, Arusha*

Marahaba mwanangu. Naanza na kukuambia kwamba binti yako amesema kweli. Chukua penseli nyeusi ujichore uso, uujaze. Macho hayataonekana. Amekujibu kama fundi na wewe umemjibu kama mtu aliyeumia. Uchungu wako naufahamu, hata mimi jina la ile penseli linanichoma: mwili wa nani? Lakini mtoto ana penseli kumi na mbili tu ndani ya boksi, na kati ya hizo kahawia amefundishwa ni ya mashina ya miti. Kabla ya kumlaumu, ongeza rangi.

Jumamosi chemsha kunde. Ziive, uchuje maji yake kwenye bakuli jeupe, umwite. Mwambie: watu wa zamani walipotaka kusifu mwili wa mtu walisema ni maji ya kunde. Jina hilo halikutoka dukani, limetoka jikoni kwetu. Achovye kidole, apake kwenye karatasi, asubiri yakauke. Kisha tafuteni nyingine. Udongo mwekundu mnao tele huko, uchekecheni kwa kitambaa chepesi, mchanganye na uji mwembamba wa ngano uwe unashika. Mkaa uliopondwa. Majani ya chai yaliyochemshwa sana. Kahawa. Manjano, ila mvueni nguo nzuri kwanza, haitoki. Rangi za uji zinachacha, zisikae zaidi ya siku mbili.

Sasa familia nzima mkae mezani, kila mtu aweke mkono wake kando ya karatasi na kutafuta rangi inayolingana nao. Mtashangaa. Mgongo wa mkono si rangi ya kiganja. Wewe pengine ni kahawa na udongo kidogo, mkeo chai na tone la manjano, mtoto hafanani na yeyote kati yenu. Kila rangi apewe jina na mwenyewe. Darasani kwangu tulipata tende, korosho iliyokaangwa, mdalasini, ukwaju, na mvulana mmoja aliyejiita "usiku wa Chumbageni umeme ukikatika", akalichora jina lake kwa mkaa na kuacha macho meupe ya karatasi. Ndivyo macho yanavyoonekana: usiyapake. Mwonyeshe binti yako hilo, atakuheshimu.

Nywele nazo si rangi moja ya kujaza, ni mistari. Msusi akimsuka twende kilioni au yeboyebo, mpe kioo kimoja mbele na kingine nyuma, ahesabu mistari, achore njia zake kichwani kama ramani. Kazi hiyo ni tamu kiasi kwamba nywele za njano zilizoning'inia zitamchosha zenyewe.

Na akijichora tena na nywele za njano, mwache. Leo ni malkia wa katuni, kesho ni twiga. Mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hivi, alitumia rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, juu ya mbao za dari, na wanyama wake wakawa na madoa ambayo porini hayapo. Hakuna aliyemwambia chui hayuko hivyo. Nia yako iwe moja, kwamba siku binti yako atakapotaka kujichora mwenyewe, rangi yake iwepo mezani, na awe anajua inavyochanganywa.

*Assalaam alaykum Bi Mwalimu. Nimetoka Wete, nimeolewa Birmingham. Binti yetu ana miaka kumi, Kiswahili anakisikia lakini anajibu Kiingereza. Shuleni waliambiwa wachore "kwetu". Alipiga mstari katikati ya karatasi, akaacha pande zote mbili tupu. Bibi yake Pemba anampigia simu amsimulie, mtoto anaona haya. — Mama, Birmingham*

Waalaykum salaam mwanangu. Karatasi ile sioni kuwa tupu. Mtoto wa miaka kumi amechora mstari wa mpaka na kukuonyesha kuwa anakaa juu yake. Ihifadhi.

Asilazimishwe kuchagua upande. Toa khanga sandukuni, itandaze sakafuni, mwonyeshe ilivyoundwa: pindo linalozunguka pande zote, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa chini. Khanga haina nusu mbili, ina ukingo na ina ndani. Kisha mpe karatasi kubwa achore ya kwake. Kwenye pindo aweke vitu vinavyomzunguka kila siku, basi la shule, mvua, karafuu alizoziona zimeanikwa Pemba, viatu vya kaka yake, chochote. Mji ni wa kwake peke yake, usichungulie. Na jina alitunge kwa lugha yoyote. Akiandika Kiingereza, usisahihishe. Mwombe tu amsomee bibi kwa simu na amweleze maana yake kwa Kiswahili. Hapo atakuwa na sababu ya kukisema, maana bibi atataka kujua.

Kuhusu haya ya simu, hadithi ndefu ni nzito kwa mtoto asiyejiamini na maneno yake. Waanze na vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Kuku wangu katagia miibani." Nanasi. Jibu ni neno moja, na hata mtoto mwenye Kiswahili cha kuazima ana neno moja. Kisha zamu yake. Atege vya huko huko anakokaa, bibi hajavisikia. Mtoto mmoja wa jamaa yangu aliyekuja likizo alinitegea hiki: "Mlango unaniogopa, nikija unakimbia." Nilihangaika mpaka nikashindwa. Ni mlango wa duka kubwa, ule unaojifungua wenyewe. Akacheka mpaka akakaa chini, na jioni ile alizungumza Kiswahili kuliko wiki nzima iliyotangulia.

Kwa hiyo mpigie mama yako kabla ya Ijumaa, umweleze faraghani. Akitegewa, asiwahi kujibu hata kama anajua. Ajaribu mara mbili, akosee, aseme ameshindwa, atoe mji kama ilivyo desturi. Akimpa Wete, mtoto aukatae, maana Wete ni kwake tayari. Akimpa Chake Chake, pia aukatae. Mwambie mama yako aendelee kutoa miji mpaka binti yako mwenyewe aamue ni upi anautaka.